Kutoka Kwenye Kucha Hadi Kwenye Jeni: Historia ya Kulizuia Ua la Pamba Lisitoe Chavua

Tuanze na jambo unaloweza kulihakikisha mwenyewe. Ukipata nafasi ya kupita kwenye shamba la pamba asubuhi wakati wa maua, iwe Bariadi, Meatu au Kwimba, chagua ua moja lililofunguka siku hiyo. Litakuwa jeupe lenye umanjano kidogo. Lifunge uzi, nenda zako, halafu urudi kesho. Utalikuta limekuwa la waridi. Baada ya hapo linanyauka na kudondoka, likiacha nyuma kitumba kidogo cha kijani.

Yaani ua la pamba lina siku moja tu ya kufanya kazi. Asubuhi linapofunguka, vifuko vyake vya chavua vinapasuka na chavua inaangukia stigma, ile ncha ya sehemu ya kike ya ua. Kila chembe inayoota inatoa mrija mwembamba unaoteremka kuelekea kwenye vijiyai, na ndani ya siku moja hivi urutubishaji unakuwa umekamilika. Wakati huohuo, kwenye ngozi ya vijiyai, seli moja moja zinaanza kuchomoza na kurefuka. Hizo ndizo zitakuwa nyuzi. Kila unyuzi wa pamba kwenye shati ulilovaa ulikuwa seli moja iliyoanza safari yake karibu na siku ambayo ua lilifunguka. Chavua isipofanya kazi yake, ua linadondoka zima zima na hakuna kitumba.

Sasa basi, ungedhani binadamu angetumia nguvu zake zote kuhakikisha chavua hiyo inapatikana. Lakini kwa zaidi ya nusu karne, watafiti wa pamba wamehangaika na swali la kinyume: tufanyeje ili ua la pamba lisitoe chavua kabisa? Leo nakueleza walifikaje hapo, nani alilipa gharama, na kwa nini majibu waliyoyapata yana maana kubwa zaidi sasa kuliko wakati walipoanza.

Mume na mke chumba kimoja

Bila shaka unazijua mbegu chotara za mahindi. Unachukua aina mbili tofauti, unazipandisha, na watoto wa kizazi cha kwanza wanakua na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Pamba nayo ina tabia hiyo. Mwaka 1894, huko Alabama, Marekani, P. H. Mell aliandika kuhusu nguvu hiyo katika machotara ya pamba.

Shida ilikuwa namna ya kuzalisha mbegu hizo kwa wingi. Kwa mahindi kazi ni rahisi: sehemu ya kiume iko juu kabisa ya mmea, kwenye mbelewele, na ya kike iko chini, kwenye gunzi. Ukikata mbelewele za mistari ya mama, umemaliza. Pamba haina mpangilio huo. Kila ua lina pande zote mbili, na vifuko vya chavua, makumi kwa makumi, vimeizunguka sehemu ya kike kama watoto waliomzunguka bibi. Ukitaka ua hilo lipokee chavua ya mmea mwingine, lazima uviondoe vifuko vyote kabla havijapasuka, tena bila kumuumiza bibi aliye katikati.

Mwaka 1934, mtafiti wa Marekani aitwaye C. C. Doak alieleza mbinu ya kufanya hivyo kwa ukucha wa dole gumba. Unachukua ua ambalo litafunguka kesho yake, unaukata msingi wake kwa ukucha kuuzunguka, kisha unavuta. Petali na vifuko vya chavua vinatoka pamoja kama soksi inavyovuliwa, na sehemu ya kike inabaki imesimama peke yake. Mbinu ni ya kijanja kweli, lakini ni ua moja kwa wakati mmoja.

Piga hesabu kidogo. Kitumba kimoja hutoa mbegu kama 30 hivi. Kilo moja ya mbegu za pamba ina takriban mbegu 10,000. Kwa hiyo kilo moja ya mbegu chotara inahitaji zaidi ya maua 300 yaliyovuliwa kwa mkono na kuchavushwa kwa mkono, na hapo tunajifanya kwamba kila ua limefanikiwa, jambo ambalo halitokei. Kwa bei ya vibarua wa Marekani, biashara hiyo ilikuwa ndoto.

Surat, 1970

Nchi iliyothubutu ni India. Katika kituo cha utafiti wa pamba cha Surat, jimbo la Gujarat, mtafiti C. T. Patel alipandisha aina ya Gujarat 67 na aina ya Kimarekani isiyotoa nekta. Matokeo yake yalitolewa kwa wakulima mwaka 1970 kwa jina la H-4, pamba chotara ya kwanza duniani kulimwa kibiashara. Miaka miwili baadaye, huko Dharwad jimboni Karnataka, B. H. Katarki alitoa Varalaxmi, chotara wa spishi mbili tofauti za pamba: ile ya kawaida, Gossypium hirsutum, na ile ya nyuzi ndefu, Gossypium barbadense.

Wakulima walizipokea. Na mbegu zilitengenezwaje? Kwa mbinu ya Doak. Alasiri, wafanyakazi wanapita mstari kwa mstari wakivua maua yatakayofunguka kesho na kuyafunika kwa vikaratasi vyekundu ili yaonekane kwa mbali. Kesho yake asubuhi wanarudi na maua ya mmea wa baba, wanapaka chavua yake kwenye kila stigma, na wanafunga uzi kuonyesha kwamba hili tayari. Kazi hiyo inarudiwa kila siku kwa wiki nyingi, maana mmea wa pamba hautoi maua yake yote kwa mpigo.

Hapa ndipo historia hii inapoacha kuwa ya maabara. Kazi hiyo inahitaji mikono mingi, myepesi na ya bei rahisi, na kwenye mashamba mengi ya mbegu mikono hiyo imekuwa ya watoto, hasa wasichana. Tangu miaka ya 1990 watafiti wameeleza hali hiyo kwa kirefu, hasa katika majimbo ya Andhra Pradesh na Gujarat: watoto wanaoacha shule msimu wa maua, familia zinazochukua mkopo wa mwenye shamba na kuulipa kwa kazi ya binti, dawa za wadudu zinazopigwa kwenye mimea ambayo mtoto ataishika jioni. Wizara ya Kazi ya Marekani imeiweka mbegu chotara ya pamba ya India kwenye orodha yake ya bidhaa zinazohusishwa na ajira ya watoto. Kumekuwa na sheria, kampeni na mabadiliko, lakini mzizi wa tatizo uko palepale: uko kwenye umbo la ua.

Ndiyo maana nasema swali la kuzima chavua si la kitaaluma tu. Mmea ambao wenyewe hautoi chavua haumhitaji mtu wa kuuvua.

Mmea usiohitaji kucha

Mimea ya namna hiyo ipo. Mara mojamoja, katikati ya shamba, hutokea pamba yenye maua mazuri lakini vifuko vyake ni vikavu au vitupu. Upande wa kike uko salama kabisa. Hali hii inaitwa ugumba wa kiume.

Mwaka 1968, J. B. Weaver wa Georgia, Marekani, alichambua mmea wa aina hiyo na kukuta kwamba ugumba wake unatokana na jeni mbili zilizoharibika kwa pamoja. Kwa nini mbili? Pamba ya kawaida ina kromosomu 52 kwa sababu ni mtoto wa koo mbili zilizoungana zamani sana, mamilioni ya miaka kabla hujaanza kulimwa: ukoo mmoja wa upande wa Afrika na Asia, mwingine wa Amerika. Kwa jeni nyingi, pamba ina nakala moja kutoka kila ukoo. Nakala moja ikiharibika, pacha wake anashika kazi. Ili ua likose chavua, lazima wote wawili wawe wamekufa.

Ugumba huu unafanya kazi, lakini una kero yake. Mmea mgumba hauwezi kujizalisha wenyewe, kwa hiyo unapandishwa na ndugu yake mwenye chavua, na nusu ya watoto wanakuwa wagumba, nusu wazima. Huwezi kuwatofautisha hadi watoe maua. Hapo ndipo unaanza kung'oa nusu ya shamba.

Njia nyingine ilitoka kwa Vesta G. Meyer, aliyefanya kazi Stoneville, Mississippi. Mwaka 1965, yeye na James R. Meyer walikuwa wameonyesha kwamba ukichukua kiini cha seli cha pamba ya kawaida ukakiweka, kwa kupandisha tena na tena vizazi kwa vizazi, ndani ya seli ya spishi nyingine, unaweza kupata ugumba wa kiume. Tatizo ni kwamba ugumba ule wa mwanzo haukuwa wa kuaminika. Hali ya hewa ilipobadilika, chavua nayo ilirudi. Mwaka 1975 Meyer alitangaza ugumba imara zaidi, uliotokana na Gossypium harknessii, pamba pori ya Baja California nchini Mexico.

Siri yake iko kwenye mitokondria, vile viwanda vya nishati ndani ya seli. Mitokondria zina DNA yao ndogo, na kwenye pamba zinarithiwa kwa mama. Kiini cha pamba ya kawaida na mitokondria za pamba pori ni kama dereva aliyepewa gari asilolizoea: barabara tambarare anaendesha vizuri, lakini kwenye mlima mkali linamzimikia. Mmea unakua, majani yanatoka, sehemu ya kike inakamilika. Mlima wenyewe ni kutengeneza chavua. Ukileta jeni ya kurejesha uzazi, nayo kutoka kwa pamba pori ileile, gari linapanda. Kwa hiyo mama anakuwa mgumba, baba analeta jeni ya kurejesha, na watoto shambani kwa mkulima wanatoa chavua kama kawaida.

Kwenye karatasi, tatizo limekwisha. Kwa uhalisia, mitokondria ngeni zilipunguza ubora au mavuno katika baadhi ya machotara, jeni za kurejesha hazikuwa nyingi, na kila aina mpya ilibidi ijengwe upya kwa miaka. India iliendelea kwa kiasi kikubwa na kucha. Na mwaka 2002, ilipoidhinisha pamba ya Bt yenye jeni ya kupambana na funza wa vitumba, jeni hiyo ililetwa ndani ya mbegu chotara. Mahitaji ya mbegu za mkono yakapanda badala ya kushuka.

Jeni ipo, lakini inasema lini?

Mpaka hapa wapandishaji walijua jinsi ya kupata ua lisilo na chavua, lakini hawakujua ndani yake kunatokea nini. Kujua hilo kulihitaji kuuliza swali jipya. Badala ya kuuliza "mmea una jeni gani?", wauliza "jeni gani inafanya kazi, kwenye seli ipi, saa ngapi?"

Kila seli ya pamba, iwe ya mzizi au ya petali, ina DNA ileile. Inayozitofautisha ni kurasa zipi zimefunguliwa. Jeni ikifunguliwa, seli inanakili ujumbe wake kwa RNA, na ujumbe huo unatumika kutengeneza protini. Wataalamu wanauita mchakato huu udhihirishaji wa jeni. Jeni iliyofungwa ni kama haipo.

Ndani ya kifuko cha chavua, hadithi kubwa ni ya tabaka moja jembamba la seli linaloitwa tapetamu. Mfikirie kama mama lishe kwenye eneo la ujenzi. Chavua changa ndio mafundi. Yeye anawalisha sukari, protini na mafuta. Kazi ikikaribia kuisha, mama lishe huyu hafungi virago tu: anakufa kwa mpango, na mabaki yake yanatumika kuipaka chavua koti lake la nje. Akifa mapema, chavua inakufa njaa. Akichelewa kufa, chavua haikamiliki. Vyote vinategemea jeni kuwaka na kuzimika kwa wakati wake.

Mwaka 1990, kundi la watafiti lililohusisha kampuni ya Plant Genetic Systems ya Ghent, Ubelgiji, na maabara ya Robert Goldberg kule California lilithibitisha hilo kwa ukatili wa kisayansi. Walichukua swichi ya jeni ya tumbaku inayowaka kwenye tapetamu peke yake, wakaiunganisha na jeni ya bakteria inayotengeneza kimeng'enya cha kuharibu RNA. Tapetamu ikafa, chavua haikupatikana, na sehemu nyingine za mmea hazikuguswa. Jaribio lilikuwa la tumbaku na mmea wa mafuta wa jamii ya haradali, si la pamba, lakini somo lilikuwa la mimea yote ya maua: ukitaka kuzima upande wa kiume, mvizie mama lishe.

Joto linapojua swichi

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha historia hii. Kuna kitu kingine kinachojua kuzima upande wa kiume wa ua la pamba, na hakihitaji ukucha wala maabara. Ni joto.

Wakulima wa maeneo yenye joto kali wanajua kwamba kuna misimu ambayo pamba inachanua vizuri lakini vitumba havikai. Wiki ya joto la nyuzi 35 na kuendelea, maua yanafunguka na vifuko havipasuki, au vinapasuka na chavua haina uhai. Cha ajabu, aina nyingine jirani zinavumilia.

Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, Wuhan, China, watafiti walichukua aina mbili za pamba, 84021 inayovumilia joto na H05 isiyovumilia, wakasoma jeni zinazofanya kazi ndani ya vifuko vyao hatua kwa hatua, kwenye hali ya kawaida na kwenye joto. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014 walihesabu jeni 4,599 zilizobadilisha kiwango cha utendaji. Moja ilijitokeza sana, GhCKI. Kwenye aina isiyovumilia, joto liliiwasha jeni hiyo kwa nguvu. Utengenezaji wa wanga ukakandamizwa, glukosi ikapungua ndani ya kifuko, na homoni ya oksini ikapanda katika hatua za mwisho. Mwaka mmoja nyuma, kundi hilohilo lilikuwa limeonyesha kwamba pamba iliyolazimishwa kuiwasha GhCKI kupita kiasi inakuwa na ugumba wa kiume hata bila joto, kwa sababu kifo cha tapetamu kinacheleweshwa.

Tafakari hapo kidogo. DNA ya H05 haikubadilishwa na joto. Hakuna jeni iliyopotea. Kilichobadilika ni wakati na kiasi. Mama lishe alipewa saa isiyo sahihi.

Kwa hiyo maswali mawili yaliyoonekana tofauti, la mpandishaji anayetaka chavua isiwepo na la mkulima anayelia kwamba chavua haipo, yamekutana kwenye tabaka moja la seli. Anayejua kuizima tapetamu kwa hiari ndiye anayeweza kujifunza kuilinda isizimwe na jua.

Na sisi?

Pamba ya Tanzania si chotara. Aina kama UK91 na UKM08, zilizotoka Ukiriguru, Mwanza, zinajichavusha zenyewe, na hakuna mtoto wa Simiyu anayevua maua kwa ukucha ili mbegu zipatikane. Hilo ni jambo la kushukuru, na ni jambo la kulikumbuka siku yoyote tutakapoambiwa kwamba machotara ndiyo njia ya kupandisha mavuno. Swali la kwanza lisiwe "yanatoa kilo ngapi?" Liwe "mbegu zake zinatengenezwa na mikono ya nani?" Na la pili, kwa kuwa mbegu za chotara zikirudishwa shambani watoto wake hawatoki sawa: mkulima atazinunua kila msimu kwa fedha ipi?

Lakini kwenye suala la joto hatuna pa kujificha. Ua linalofunguka Meatu lina siku moja ileile, tapetamu ileile, na nakala zake za jeni hizohizo. Aina tunazopanda zinaweza kupimwa: zipi vifuko vyake vinapasuka kwenye joto kali na zipi vinabaki vimefumba? Hatua ya kwanza ya kazi hiyo haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji kipimajoto, kioo cha kukuzia, daftari, na mtu aliye tayari kuamka mapema.

Ukiipata nafasi hiyo, lifunge uzi ua lako, kisha rudi baada ya wiki moja uone kama limeacha kitumba.